Jakaranda ndani ya parseli: pahali pa kuipanda na namna ya kuilinda

Mwezi wa kenda ukifika, Lubumbashi inabadilika rangi. Kiangazi kiko karibu kuisha, vumbi liko kila pahali, majani yamekauka, mvua ya kwanza bado. Na ni pale pale, wakati watoto wanarudi masomoni, jakaranda zinafunguka: mti mzima unakuwa violeti toka juu mpaka chini, karibu bila jani hata moja. Chini yake barabara inafunikwa na maua kama vile mtu ametandika kitenge. Likasi ni vile vile. Mgeni anayefika mwezi wa kenda ao wa kumi anaongea kwanza juu ya ile miti, shaba inakuja nyuma.

Lakini kila mwaka kuko zile zinazokatwa. Mwenye parseli anasema mizizi inapasua ukuta. Jirani anaogopa tawi litaangukia mabati yake. Mwingine amechoka kuona kanivo imejaa maua na majani. Hayo malalamiko si ya uongo. Ila ukiangalia vizuri mti wenyewe, mara nyingi utakuta moja kati ya mambo mawili: ulipandwa pahali pabaya, ao ulikatwa vibaya. Njo maana hapa tutakawia sana juu ya hayo mawili, na mengine tutayapitia haraka.

Mti wa wageni uliozeeka kwetu

Jakaranda si mti wa Kongo, wala si wa Afrika. Pori lake la asili liko Amerika ya Kusini, kaskazini-magharibi ya Argentina na kusini ya Bolivia. Mwaka 1822 mtaalamu wa mimea wa Scotland, David Don, aliipa jina la kisayansi: Jacaranda mimosifolia. Neno la pili linataka kusema yenye majani kama ya mimosa, sababu kila jani limegawanyika katika vijani vidogo vidogo vingi sana. Iko jamaa moja na kigelia, ule mti wetu wa pori wenye matunda marefu yanayoning'inia kama soseji. Kamata ua la huu na ua la ule, angalia umbo la tarumbeta, utaona undugu wao mara moja.

Kusini mwa Afrika, mji unaojulikana zaidi kwa jakaranda ni Pretoria. Mbili za kwanza zilipandwa pale mwaka 1888, na leo zinahesabiwa karibu 70 000. Lakini Afrika Kusini njo inchi iliyoonja pia ubaya wake. Mbegu zinabebwa na upepo, miti inaota yenyewe pembeni ya mito na kuchukua nafasi ya miti ya asili, mpaka sheria ya kule ikaiweka kati ya mimea ya kigeni inayovamia, na katika majimbo kadhaa kupanda mpya kunakatazwa. Kwa upande mwingine, kule inakotoka jakaranda ya pori inapungua, sababu pori lake linageuzwa mashamba. Umoja wa kimataifa unaofuata hali ya viumbe, IUCN, umeiweka kati ya miti iliyo hatarini.

Kwetu ilifika wakati wa ukoloni. Mji ulianzishwa mwaka 1910 kwa jina la Élisabethville, na avenii za katikati zilichorwa pana, na miti pembeni. Kwa hiyo nyingi za jakaranda kubwa unazopitia chini yake katikati ya mji ziko na umri wa mzee. Mti wa pembeni ya barabara hauishi kama ule wa pori: mizizi imebanwa na lami, magari yanachubua ganda, watu wanapigilia misumari ya matangazo. Moja ikianguka, mara nyingi hakuna anayepanda nyingine. Kiisha miaka kidogo, pale palipokuwa mti kunakuwa kibanda cha kuuza yunite.

Kwa nini maua yanatangulia majani

Jakaranda inataka kiangazi cha kweli. Haut-Katanga na Lualaba tuko nacho: kuanzia mwezi wa tano mvua inakatika, mwezi wa sita na wa saba baridi inaingia usiku, na mti unaachilia majani polepole mpaka unabaki matawi matupu. Joto likirudi, unatumia akiba iliyowekwa ndani ya shina na mizizi ili kusukuma maua kwanza, majani nyuma. Kule ambako mvua inanyesha karibu mwaka mzima, kama vile Kisangani, mti unaweza kukua na majani mazuri bila kuonyesha ile violeti tupu. Bukavu inaikubali, ila kiangazi cha Kivu ni kifupi, usiipime kwa ile ya Lubumbashi. Na mwenye kukaa chini kwenye joto, Uvira ao Kalemie, angeangalia kwanza flamboyani, mti wa Madagascar wenye maua mekundu. Ule unapenda joto zaidi. Lakini mizizi yake inatambaa juu juu, na kwa kuta ni mibaya kuliko ya jakaranda.

Wengi wanauliza: jakaranda yangu ni kubwa, kwa nini haitoi maua? Hesabu miaka kwanza. Iliyopandwa kwa mbegu inaweza kuomba miaka 7, hata 14, mbele ya kutoa maua ya kwanza. Kama umri umefika, angalia jua: mti uliofunikwa na embe kubwa ao na nyumba ya etaji unatoa kidogo tu. Kiisha angalia mkono wa mwenye mti. Anayemwaga maji kila siku wakati wa kiangazi na kutia urea kwenye majani ya bustani chini yake anaulisha mti, na mti uliolishwa vile unatoa majani. Mti mkubwa uachilie usikie kiu kidogo.

Kamba ya mita 6

Sasa tunafika pahali panapoharibu mambo. Mche wa jakaranda unakuja ndani ya sasheti, urefu wa magoti. Mtu anauona mdogo, anauweka kwenye kona ya parseli, nusu mita toka kwa ukuta, ili usimsumbue. Kiisha miaka 15 ule mche uko na mita 10 ao zaidi kwenda juu, kivuli chake kiko na upana wa mita 8 mpaka 10, na mizizi imepita mbali kuliko kivuli.

Mzizi hautafuti ukuta ili uubomoe. Unakwenda pale penye maji na hewa, na pale unapopita unanenepa kila mwaka. Kama msingi wa ukuta uko chini sentimeta 30 tu, kama kuta nyingi za uzio tunazojenga kwa haraka, mzizi unapita chini yake, unanenepa, unainua matofali, na ufa unatokea. Na bomba ni vile vile: mzizi hauvunji bomba zima, unaingia pale ambapo tayari kunatoka maji. Ndani ya fosi septiki yenye kupasuka unakuta chakula na maji pamoja, na hapo hautoki tena.

Kwa hiyo, mbele ya kuchimba, kamata kamba ya mita 6, funga kijiti pale unapotaka mti, zunguka nayo. Isiguse nyumba, wala fosi, wala bomba kubwa la maji. Kwa ukuta wa uzio mita 4 zinaweza kutosha kama msingi ni mzuri. Kiisha inua macho: kama kuko waya wa umeme juu, acha. Mti uliopandwa chini ya waya utakatwa kichwa kila mwaka maisha yake yote, na tutaona chini namna ile inauua.

Ukifanya hiyo hesabu ndani ya parseli nyingi za Katuba, Kenya ao Kamalondo, ambako nyumba zimekaribiana, jawabu ni hapana. Ni vizuri kulisema wazi: parseli ndogo haina nafasi ya jakaranda, hata kama mama wa nyumba anaipenda namna gani. Kuko miti midogo yenye maua ambayo haisumbui mtu. Franjipani iko na harufu nzuri jioni na haipiti sana mita 5 ao 6. Bauhinia, ile yenye jani kama alama ya mguu wa ng'ombe, nayo inatosha. Hata ibiskusi ikiachiwa inakuwa mti mdogo wa kupendeza.

Jakaranda pahali pake ni kiwanja cha masomo, uwanja wa kanisa, pembeni ya uwanja wa mpira, hospitali yenye kiwanja kikubwa, avenii pana. Kivuli chake si kizito kama cha embe, upepo unapita ndani, wazee wanaweza kuweka viti chini wakati wa mvua. Ukitaka kupanda pembeni ya barabara, uliza kwanza kwenye komini. Ile ardhi si ya parseli yako, na mti ukishakua hautakuwa wako peke yako.

Kutoka mbegu mpaka sasheti

Tunda la jakaranda ni kibao cha duara, bapa, upana wa sentimeta 5 mpaka 7, kigumu kama mbao. Linakuwa kijani wakati wa mvua na linageuka kahawia wakati wa kiangazi. Vuna yale ya kahawia ambayo bado yamefungika ao yanaanza tu kufunguka mdomo. Yakifunguka kabisa upepo umekwisha kuchukua mbegu. Ndani kuko mbegu nyingi nyepesi, kila moja na bawa lake la karatasi.

Loweka mbegu ndani ya maji usiku mmoja na mchana mmoja. Tandaza udongo mwepesi, nusu mchanga nusu udongo mweusi, ndani ya sanduku lenye matundu chini. Weka mbegu juu, funika kidogo tu, nusu sentimeta inatosha, nyunyiza maji bila kuzihamisha. Mbegu hii inataka joto. Ukipanda katikati ya baridi ya mwezi wa saba itakawia na nyingi zitaoza. Subiri mwisho wa mwezi wa munane ao mwezi wa kenda, na katika majuma mawili ao matatu zitachomoza. Zikifika urefu wa kidole na majani ya kweli manne, hamisha kila moja ndani ya sasheti yake.

Kuko wanaokata tawi na kulichomeka. Inawezekana, lakini tawi linakataa mara nyingi, na mbegu ni bure. Wauzaji wa miche wanaoleta jakaranda iliyounganishwa wanauza bei, na ile inatoa maua mapema, kiisha miaka michache tu. Kwa kiwanja cha masomo hakuna sababu ya kulipa vile.

Kosa kubwa kwenye miche ni kuiacha ndani ya sasheti muda mrefu. Mzizi ukifika chini unazunguka kama nyoka ndani ya kikapu. Mti uliopandwa na mzizi wa namna ile utasimama vizuri miaka 10, kiisha upepo wa kwanza wa mvua unaulaza chini, na watu wanasema jakaranda ni mti dhaifu. Ukinunua mche, pasua sasheti pembeni uangalie. Mizizi iliyojizungusha kidogo unaweza kuifungua kwa vidole ao kukata ncha. Iliyojikaza kama kamba ya mzigo, mrudishie muuzaji.

Viangazi viwili vya kwanza

Panda mvua ikishakaa, mwezi wa kumi na moja ao wa kumi na mbili. Mche unapata miezi minne ao mitano ya kutelemusha mizizi mbele ya ukame. Anayepanda mwezi wa tatu, akiona mvua bado iko, anaupa mti majuma machache tu.

Chimba shimo pana, mara tatu upana wa sasheti, lakini lisipite urefu wake kwenda chini. Ukichimba kisima na kujaza mbolea, mti utazama na shina litaoza kwenye shingo. Shingo ya mti, pale shina linapoanza kupanuka kuelekea mizizi, ibaki sawa na uso wa ardhi. Udongo wetu mwekundu unaifaa, uchachu wake kidogo hausumbui. Changanya na majani yaliyooza ao samadi ya mbuzi iliyokauka vizuri, sehemu moja kwa tatu. Pahali pa majimaji, ambako maji yanalala juma nzima kiisha mvua, acha. Jakaranda haipendi miguu ndani ya maji.

Kwa wale wanaokaa upande ule ambako upepo ulipeleka moshi wa zamani wa kiwanda cha shaba, kama vile Penga Penga, kuko neno la pembeni. Udongo wa kule uko na shaba na metali zingine nyingi, na mimea mingi inakwama. Majani yaliyooza kwa wingi na chokaa kidogo hupunguza ukali wa zile metali. Chimba shimo kubwa zaidi, leta bruweti kadhaa za udongo kutoka pahali pengine, na ujue kwamba mti utakwenda polepole.

Kiisha kupanda, kazi iko wakati wa kiangazi. Mwaka wa kwanza, bidoni moja ya lita 20 mara mbili kwa juma. Mwaka wa pili, mara moja kwa juma, lakini mwaga lita 30 ao 40 ili maji yashuke chini. Kumwagilia kikombe kila jioni ni kudanganya mti: mizizi inabaki juu juu kungojea kikombe, njo ile ile itakayosumbua ukuta baadaye. Njia rahisi ni kutoboa bidoni ya zamani kwa msumari mwembamba chini, kuijaza na kuiacha pembeni ya mti. Maji yanatoka tone kwa tone saa nyingi. Maji yaliyosafisha mboga ni mazuri. Yale ya sabuni nyingi, hapana. Mwaka wa tatu mti unajitegemea.

Tandika majani makavu kuzunguka mti, kwa upana wa mita moja, lakini uache sentimeta 15 wazi karibu na shina. Mchwa wa Katanga wanapenda majani makavu, na wakiguswa na shina changa lenye kiu hawaliachi. Watu wengi wanaweka majivu kwenye ile nafasi. Maji ndani ya udongo yanasaidia zaidi, sababu mchwa wanaanza na mti uliodhoofika. Weka pia uzio wa miiba ao wa mianzi. Mbuzi mmoja kwa dakika tano anamaliza kazi ya mwaka. Na pembeni ya mji, ambako watu wanachoma majani kila mwezi wa munane, lima duara tupu la mita 2 ili moto usifike.

Kukata kichwa

Hapa tuseme bila kuzunguka. Ile desturi ya kukata jakaranda kubwa pale juu, matawi yote mazito kwa mara moja, mpaka unabaki mti kama ngumi, inaharibu mti na inaongeza hatari ambayo watu wanataka kuiondoa.

Angalia namna inavyokwenda. Mti uliokatwa kichwa umepoteza majani yanayoulisha. Kwa woga unasukuma matawi mapya, mengi, yaliyosimama wima kama fimbo, yote kutoka pembeni ya kidonda. Yanakua mbio sana, mita 2 kwa mvua moja si ajabu. Lakini hayakushikamana na moyo wa shina. Yamebandikwa juu ya ganda. Wakati huo huo kidonda kikubwa hakifungi, maji yanaingia, kuvu inakula mbao ndani. Kiisha miaka mitano ao sita kuko matawi mazito kuliko yale ya kwanza, yamesimama juu ya shina linalooza. Dhoruba ya kwanza ya mwezi wa kumi na moja inayavunja. Na ile sura ya mwavuli uliofunguka, ambayo njo uzuri wa jakaranda, hairudi tena.

Kazi ya kukata inafanywa wakati mti ni mdogo, na ni kazi ndogo. Kila mwaka mwisho wa baridi, miaka mitano ya kwanza, zunguka mti. Kama kuko vichwa viwili vinavyoshindana kwenda juu, chagua kimoja, kata kingine. Mti wenye shina mbili zilizokutana kama herufi V utapasuka siku moja katikati. Tawi la pembeni lisinenepe kupita nusu ya shina, likikaribia, lifupishe. Yale ya chini yaondoe kidogo kidogo, miaka kwa miaka, mpaka mtu apite chini bila kuinama. Usiondoe zaidi ya robo ya matawi kwa mwaka mmoja.

Kwenye mti mkubwa, kata tu yaliyokauka, yaliyovunjika na yanayosuguana. Tawi zito linaondolewa kwa misumeno mitatu: kwanza chini ya tawi, sentimeta 30 toka shina, mpaka theluthi moja, kiisha juu, mbele kidogo ya ule mkato, mpaka tawi linaanguka lenyewe bila kuchuna ganda la shina, mwisho ule mkia uliobaki unakatwa pale kuko uvimbe mdogo kama kola, bila kuukata wenyewe. Ile kola njo inafunga kidonda. Panga si chombo cha kazi hii, linapasua mbao na kuacha nyuzi ambamo maji yanalala. Rangi ao lami juu ya kidonda haisaidii.

Mzee wa barabarani

Mwezi wa kenda, wakati maua yako na matawi yanaonekana wazi, ni wakati mzuri wa kuangalia mti mzee mbele ya dhoruba za kwanza. Piga shina kwa mpini wa jembe: sauti ya ngoma inaonyesha uwazi ndani. Uyoga unaoota kwenye shingo ao juu ya mizizi ni alama mbaya. Udongo uliopasuka ao kuinuka upande mmoja, wakati mti umelala upande mwingine, ni mbaya zaidi, na hapo toa watoto na vibanda chini yake, kiisha piga mbio kwenye komini. Tawi kavu moja si sababu ya kuangusha mti mzima. Na kama matawi yako karibu na waya, mtu asipande na msumeno peke yake. Wafanyakazi wa umeme ndio wanajua kukata mkondo kwanza.

Kuhusu kanivo: ni kweli, maua yanaanguka kwa wingi, na yakilowana yanateleza kama ganda la ndizi, angalia wenye pikipiki kwenye kona. Yanaanguka mbele ya mvua kubwa, na ile ni bahati yetu, sababu kuko majuma kadhaa ya kuyafagia. Yakifagiwa na kurundikwa pamoja na vijani, kiisha miezi kidogo ni mbolea nyepesi ya mboga. Yakiachwa ndani ya kanivo yenye kujaa sasheti za plastiki, maji ya mwezi wa kumi na mbili yanaingia nyumbani, na tunasingizia mti peke yake. Watoto wasikimbie miguu wazi juu ya maua mapya: nyuki wanaingia ndani ya zile tarumbeta hata zikiwa chini, na wanauma. Wenye mizinga, kwa upande wao, wanapenda ule mwezi.

Wengine wanaikata kwa ajili ya makala. Mbao ya jakaranda ni nyepesi kuliko ya miti mizito ya pori letu, na makala yake yanaisha mbio kwenye mbabula. Mwenye kuihesabu atapata gunia chache kwa mti uliochukua miaka 40. Kama imeanguka yenyewe, mbao yake ni laini na inachongwa vizuri. Kule Kenya wachongaji wengi wa sanamu wanaitumia badala ya mpingo, ambao umekuwa haba. Seremala wetu wangeweza kuijaribu kwa bakuli na masanduku.

Jambo moja linawahusu wale wanaopakana na pori ao na mto. Tuliona Afrika Kusini namna mbegu zilivyokimbia. Kama mti wako uko karibu na mto ao msitu, vuna matunda mbele hayajafunguka, na kila mwaka ng'oa miche iliyoota yenyewe nje ya parseli. Ikiwa midogo inatoka kwa mkono. Ndani ya mji, katikati ya lami na nyumba, hatari hiyo ni ndogo.

Kwa avenii zenye wazee waliobaki, mche mpya haupandwi chini ya mti mzee, sababu hautapata jua. Unapandwa katikati ya nafasi, kati ya mzee na mzee, ama pale pale ulipong'olewa ule ulioanguka, kiisha kutoa kisiki na kuleta udongo mpya. Masomo moja yenye darasa la watoto 40 inaweza kuotesha miche ya avenii nzima kwa sanduku mbili za udongo. Matunda yanavunwa mwezi wa saba na wa munane, chini ya miti ile ile mnayoipitia kila asubuhi; mbegu zikikaushwa kivulini na kufungwa ndani ya bahasha ya karatasi zinangojea joto la mwezi wa kenda bila shida.